Viza ya kumtembelea mwenzi wako imekataliwa? Soma barua, kisha soma taarifa yako ya miamala

Ada umelipa. Alama za vidole umetoa. Mwenzi wako kule Leeds ama Birmingham ameshaomba likizo kazini na amewaambia marafiki kwamba unakuja. Halafu jibu linafika: ombi limekataliwa. Pesa hairudi, tarehe mliyopanga inapita, na linabaki swali moja linalouma: kwani hawaamini kwamba tunapendana?

Pole sana. Lakini mara nyingi, penzi lenu silo lililokataliwa. Kilichokataliwa ni hesabu. Afisa wa viza alikuwa na vitu vitatu mezani: maisha yako hapa Kenya, pesa zako, na safari unayosema utaifanya. Akajaribu kuviunganisha, vikakataa kuungana. Na kwa Wakenya wengi, sehemu kubwa ya hesabu hiyo iko ndani ya simu: mauzo, mchango wa chama, karo, kodi ya nyumba na pesa anazotuma mwenzi kutoka ng'ambo.

Makala haya yanahusu viza ya kawaida ya mgeni ya Uingereza, ile ya kukaa hadi miezi 6. Kama barua yako ni ya nchi nyingine, kuna sehemu yako huko mwisho. Mambo mengi ya pesa ni yale yale.

Kwa nini safari ya wapenzi huangaliwa kwa makini

Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, wahudumu wa wazee na wagonjwa walioingia Uingereza kwa viza ya kazi hiyo hawakuruhusiwa tena kuja na mume, mke au watoto kama wategemezi. Wakenya wengi wako kwenye kazi hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, raia au mkaazi wa kudumu wa Uingereza anayetaka kumleta mwenzi wake kuishi naye alianza kutakiwa kuonyesha mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka. Awali kiwango kilikuwa pauni 18,600.

Kwa hivyo kwa watu wengi, njia iliyobaki ya kuonana ni viza ya mgeni. Afisa anayesoma ombi lako anajua hilo vizuri. Akiona mtu anakwenda kwa mpenzi wake, swali la kwanza kichwani mwake ni hili: je, huyu atarudi, ama anatafuta mlango wa kuingia akae?

Si lazima ulipende swali hilo. Ila ukishajua kwamba ndilo linaloulizwa, utaacha kujaza ombi kwa picha 60 za nyinyi wawili na utaanza kulijibu.

Barua ni karatasi ya mtihani iliyosahihishwa

Watu wengi wakiona neno "kataliwa" hufunga barua pepe na kupigia mtu simu. Usifunge. Barua hiyo ndiyo kitu cha thamani zaidi ulichopata kwa ada uliyolipa, kwa sababu inakwambia ni wapi ulikosa alama.

Kanuni za Uingereza za wageni ziko kwenye Kiambatisho V, na aya inayotajwa sana kwenye barua za kukataa ni V 4.2. Kwa Kiswahili rahisi, aya hiyo inataka afisa aridhike na mambo matano: kwamba utaondoka mwisho wa ziara, kwamba huendi kuishi huko kwa kurudi-rudi kila mara, kwamba sababu ya safari ni ya kweli na inaruhusiwa, kwamba hutafanya yaliyokatazwa, kama vile kuajiriwa, na kwamba kuna pesa za kutosha bila wewe kufanya kazi huko au kutegemea misaada ya serikali.

Chukua kalamu na uzipe namba sentensi za barua yako. Kando ya kila moja, andika mambo matatu: afisa aliona nini, ukweli ni upi, na ni karatasi gani inaonyesha huo ukweli. Kama barua inasema pesa iliyoingia tarehe fulani haikuelezwa, jibu lake si barua ndefu ya kusema wewe ni mtu mwaminifu. Jibu ni karatasi moja inayoonyesha pesa hiyo ilitoka wapi.

Kuna jambo jingine unalopaswa kujua mapema. Kwa viza ya kawaida ya mgeni, kwa kawaida hakuna rufaa, isipokuwa pale ambapo kuna hoja ya haki za binadamu. Kwenda mahakamani kuomba uamuzi upitiwe upya kunawezekana, lakini ni ghali na kunahitaji wakili. Kwa wengi wetu, njia ya kweli ni kuomba upya. Hakuna muda wa lazima wa kusubiri. Ila ukipeleka karatasi zile zile wiki ijayo, tarajia jibu lile lile, na ada nyingine imeenda. Aprili 2025 ada ya miezi 6 ilipanda kutoka pauni 115 hadi 127, yaani zaidi ya shilingi 20,000. Angalia kiwango cha siku utakayolipa.

Taarifa yako ya miamala inasema nini kukuhusu

Tuseme unauza nguo za mitumba Gikomba. Kwenye fomu uliandika kwamba unapata shilingi 60,000 kwa mwezi. Taarifa yako ya simu inaonyesha shilingi 25,000 zikiingia. Wewe unajua kwamba pesa zingine ulilipwa taslimu na ukanunulia mzigo mwingine siku hiyo hiyo. Afisa hajui. Yeye anaona tu namba mbili ambazo hazifanani.

Halafu wiki mbili kabla ya ombi, shilingi 280,000 zinaingia kwa mkupuo mmoja. Inaweza kuwa ni zamu yako ya chama. Inaweza kuwa ulikopa kwa binamu ili akaunti ionekane imenona. Kwenye karatasi, vitu hivyo viwili vinafanana kabisa. Bila maelezo, afisa atachukua ile tafsiri mbaya.

Hapa ndipo wengi huanguka, na si kwa sababu hawana pesa. Sheria ya Uingereza haijaweka kiasi maalum ambacho mgeni lazima awe nacho. Kinachopimwa ni kama pesa ulizonazo zinalingana na maisha yako, na kama safari inalingana na pesa hizo.

Fanya hesabu hii wewe mwenyewe kabla afisa hajaifanya. Kama unaonyesha mapato ya shilingi 40,000 na matumizi ya 35,000, unabaki na 5,000 kwa mwezi. Safari ya shilingi 250,000 ni akiba yako ya miezi 50, zaidi ya miaka minne. Mtu yeyote mwenye akili atauliza: huyu anatoa wapi, na kwa nini atumie yote kwa wiki tatu? Inawezekana jibu ni rahisi sana, kwamba mwenzi wako ndiye anayelipa tiketi na utalala kwake. Basi lisemwe waziwazi, na karatasi zake ndizo zionyeshe hivyo. Kuna watu hukataliwa wakijaribu kuonekana wanajilipia kila kitu, na ukweli ungewasaidia zaidi.

Pesa kubwa iliyoingia: ielezee, usiifiche

Kila kiasi kikubwa kilichoingia ndani ya miezi sita iliyopita kinahitaji mama na baba.

Kama ni chama, omba barua yenye sahihi za mwenyekiti na mweka hazina, ikionyesha zamu yako na kiasi ulichopokea. Kisha weka alama kwenye taarifa yako, mahali unapotuma mchango kila mwezi. Michango hiyo midogo inayorudiwa ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuitengeneza kwa wiki moja.

Kama uliuza kitu, iwe ni shamba, pikipiki au ng'ombe, weka makubaliano ya mauzo. Tarehe na kiasi vifanane na vilivyo kwenye akaunti.

Kama ni mkopo wa SACCO, sema ni mkopo. Mkopo si akiba, na afisa anaweza kuuliza utaulipaje ukiwa safarini. Lakini mkopo uliotajwa una madhara kidogo kuliko mkopo uliovaa nguo za akiba.

Na kama unafikiria kukopa kwa marafiki ili uwekeze pesa kwenye akaunti kwa siku chache kisha uwarudishie, acha. Pesa inayoingia leo na kutoka baada ya ombi haisomeki kama utajiri. Inasomeka kama maigizo.

Vipi kuhusu mikopo midogo ya simu na kamari? Kukopa shilingi 500 mwisho wa mwezi hakutakunyima viza. Taarifa iliyojaa mikopo kila siku na dau kila jioni, hata hivyo, inapingana na fomu inayosema una akiba nzuri. Dawa yake ni muda tu. Kaa miezi kadhaa ukiishi jinsi unavyosema unaishi, kisha uombe.

Pesa anazokutumia mwenzi wako zina makali mawili

Kama mwenzi wako hukutumia pesa kwenye simu kutoka Uingereza, rekodi hiyo ni ushahidi wa uhusiano. Ina jina lake, ina tarehe, na inaonyesha mwezi baada ya mwezi kwamba mnajaliana. Kwa wachumba ambao hawajafunga ndoa, inaweza kuwa na nguvu kuliko picha.

Lakini kisu hicho hukata pande zote mbili. Kama kila shilingi unayotumia inatoka kwake, afisa atauliza ni nini kinachokurudisha Kenya. Ndiyo maana ushahidi wa uhusiano na ushahidi wa maisha yako hapa lazima vitembee pamoja. Kwenye taarifa, tumia rangi mbili za kuweka alama: moja kwa pesa za mwenzi, nyingine kwa mapato yako mwenyewe. Kama rangi yako haionekani kabisa kwenye taarifa, tafuta ushahidi wa kipato chako mahali pengine, kama vile benki, till ya biashara au rekodi za SACCO.

Jinsi ya kutayarisha taarifa ya simu

1. Chukua taarifa kamili ya miezi sita kupitia programu au menyu ya simu. Picha za skrini hazitoshi, kwa sababu hazionyeshi mwanzo wala mwisho.

2. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Wengi wetu tunatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au cha kaka. Taarifa hiyo itatoka kwa jina lake, na kwa afisa hizo si pesa zako. Kama jina kwenye laini na jina kwenye pasipoti yanatofautiana kidogo, lieleze hilo kwa sentensi moja.

3. Faili la PDF kwa kawaida hufungwa kwa namba ya siri. Lifungue, ulichapishe au ulihifadhi upya bila kufuli. Afisa hatakupigia simu kuuliza namba.

4. Weka pamoja taarifa ya benki, ya till na ya simu. Pesa ikitoka kwenye till kwenda benki, mistari hiyo miwili ionekane inalingana.

5. Andika ukurasa mmoja wa maelezo: tarehe, kiasi, ilitoka wapi, na karatasi ya ushahidi ni ipi. Ukurasa mmoja unatosha.

6. Linganisha na fomu. Fomu inauliza unapata kiasi gani, unatumia kiasi gani kwa mwezi, na safari itagharimu ngapi. Namba hizo zitoke kwenye taarifa, zisitoke kichwani.

7. Usibadilishe hata mstari mmoja. Ukitumia hati ya uongo au ukidanganya kwenye ombi, unaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10. Kukataliwa kwa sababu ya ushahidi hafifu kunarekebishika. Miaka 10 ni mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne.

Mwenzi wako naye ana kazi ya kufanya

Kanuni zinaruhusu mtu mwingine akulipie safari na malazi, mradi tu uhusiano wenu ni wa kweli, yuko huko kihalali, na ana uwezo na nia ya kukutegemeza. Barua ya mwaliko peke yake inaonyesha nia. Uwezo unaonyeshwa na hati zake za mshahara na taarifa za benki, na uhalali unaonyeshwa na pasipoti yake au hadhi yake ya uhamiaji, ambayo siku hizi iko mtandaoni. Aongeze pia uthibitisho wa nyumba: kama anaishi chumba cha kukodi na wenzake wanne, utalala wapi, na mwenye nyumba anajua?

Kisha kaeni chini mlinganishe majibu. Mwenzi wako alipoomba viza yake ya kazi, aliandika ameoa, ameolewa, ama hajaoa wala kuolewa? Kama mlifanya ruracio ama ndoa ya kimila lakini hamjaisajili chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, mmoja anaweza kuandika "ndoa" na mwingine "sina mwenzi," na wote wakawa na sababu zao. Afisa ataona tu majibu mawili yanayopingana. Elezeni hali halisi kwa maneno machache: tumefanya ndoa ya kimila mwaka fulani, haijasajiliwa, hizi hapa rekodi za sherehe na za mahari.

Ushahidi wa uhusiano uwe mchache na uwe na mpangilio. Mlikutana lini, mmeonana ana kwa ana mara ngapi, mnawasiliana vipi. Kurasa mbili tatu za mazungumzo kutoka miezi tofauti zinatosha; hakuna atakayesoma kurasa 400 za WhatsApp.

Na kama inawezekana, mwenzi wako aje kwanza. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kutoa viza kwa wageni na kuweka idhini ya kusafiri ya mtandaoni, eTA. Mwenzi wako akiwa ni Mkenya hahitaji hata hiyo. Ziara yake hapa, yenye tiketi na mihuri ya pasipoti, inaonyesha uhusiano unaotembea pande mbili. Pia mtakuwa mmeonana, na hilo ndilo mlilolitaka tangu mwanzo.

Ni nini kinakurudisha nyumbani?

Hili ndilo swali zito zaidi, na halijibiwi kwa kusema "naipenda nchi yangu." Linajibiwa na mambo yanayokungoja.

Kama umeajiriwa, barua ya mwajiri iseme cheo, mshahara, siku za likizo ulizopewa na tarehe ya kurudi kazini. Mshahara huo uonekane ukiingia kwenye akaunti. Kama unajiajiri, weka kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha KRA PIN na risiti za ushuru, pamoja na mauzo kwenye till. Kama una watoto shuleni, malipo ya karo uliyofanya kwa simu yana jina la shule na tarehe. Kama unamtunza mzazi, malipo ya hospitali na dawa yanaonekana pia. Vitu hivi tayari viko kwenye taarifa yako. Ni vile tu hujawahi kuviona kama ushahidi.

Hati ya shamba inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Shamba halikimbii, linaweza kukungoja hata miaka kumi. Kazi, watoto na biashara havingoji.

Angalia pia urefu wa safari. Ukisema unaendesha kibanda peke yako, halafu uombe kukaa miezi mitano, umejikataa mwenyewe. Nani atauza? Safari ya kwanza ya wiki mbili au tatu inaeleweka zaidi. Ukienda na ukarudi kwa wakati, ombi lako la pili litakuwa na historia ambayo pesa haiwezi kununua.

Jambo moja la mwisho hapa: kama mpango wenu ni kufunga ndoa huko, viza ya kawaida ya mgeni hairuhusu. Kuna viza ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa. Na huwezi kuingia kama mgeni kisha ubadilishe kuwa viza ya mwenzi ukiwa huko huko. Kama lengo ni kuishi pamoja, wekeni akiba kwa ajili ya ombi hilo, msilipitishe kwenye mlango wa wageni.

Sema ulishakataliwa

Fomu itauliza kama umewahi kunyimwa viza, ya Uingereza au ya nchi nyingine. Jibu ni ndiyo. Rekodi yao wanayo. Kuficha kunaweza kugeuza tatizo dogo kuwa shutuma ya udanganyifu. Anza barua yako mpya na jambo hilo hilo: niliomba tarehe fulani, nikakataliwa kwa sababu hizi, na haya ndiyo yaliyobadilika. Kisha jibu sababu moja moja kwa mpangilio wa barua yao.

Omba upya lini? Pale ambapo kila sentensi uliyoipa namba ina karatasi ya kuijibu. Kwa mwingine ni wiki mbili, kwa sababu kilichokosekana ni barua ya chama tu. Kwa mwingine ni miezi sita, kwa sababu taarifa yenyewe inahitaji kuonyesha maisha tofauti. Kumbuka kwamba unaweza kuomba mapema hadi miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3 hivi. Kulipia huduma ya haraka huharakisha jibu tu. Hakufanyi jibu kuwa zuri. Na usinunue tiketi kabla ya uamuzi.

Huyo anayesema "nina mtu ubalozini"

Mtu aliyekataliwa ni windo rahisi. Atatokea mtu akuahidi viza ya uhakika, akuombe utume shilingi 50,000 kwenye namba yake ya simu "ya kumwona afisa." Ada ya viza ya Uingereza hulipwa kwenye tovuti ya serikali yao wakati wa kujaza ombi. Hailipwi kwa namba ya mtu binafsi. Ukishatuma, mara nyingi pesa hutolewa kabla hujaamka.

Mwingine atajitolea "kukutengenezea" taarifa ya miamala, ama atakuomba simu na PIN ili aichukue mwenyewe. PIN yako usimpe mtu, awe wakala, rafiki, ama anayesema ametumwa na sisi. Na taarifa iliyotengenezwa ikigunduliwa, marufuku ya miaka 10 itakuwa kwenye jina lako, yeye atakuwa ameshabadilisha laini.

Ukihitaji mshauri wa kweli, mwenzi wako anaweza kukagua sajili ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji kule. Kutoa ushauri huo Uingereza bila kusajiliwa, au bila kuwa wakili anayeruhusiwa, ni kosa la jinai.

Kama barua yako ni ya nchi nyingine

Kwa nchi za Schengen, kama Ujerumani au Ufaransa, unapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na unahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Huko una haki ya kukata rufaa, lakini utaratibu ni wa kila nchi, kwa hivyo soma maelekezo na siku za mwisho zilizo kwenye barua. Ujerumani iliondoa hatua ya kuandikia ubalozi malalamiko tangu tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani.

Kwa Marekani, wengi hukataliwa chini ya kifungu cha 214(b), kinachomchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo. Hakuna rufaa, unaomba upya na kulipa tena ada ya dola 185. Huko mahojiano ndiyo yenye uzito, kwa hivyo zile namba za taarifa yako uwe nazo kichwani.

Kabla hujalipa ada tena

Leo jioni, chukua taarifa yako ya miezi sita. Ikifunguka, jifanye ni ya mtu usiyemjua. Soma kila mstari, kisha ujiulize: mtu huyu anafanya kazi gani? Anamtunza nani? Ile pesa kubwa ilitoka wapi? Anaweza kumudu safari hii, na ana sababu ya kurudi?

Kama wewe mwenyewe unakwama kujibu, afisa naye atakwama, na bado hujafika wakati wa kulipa. Mtumie mwenzi wako ile orodha ya karatasi zinazokosekana, mgawane kazi, kila mmoja atafute zake. Siku ambayo mistari yote itakuwa na majibu, hapo ndipo utalipa ada.